Msamaha Uliotolewa Makaburini

Nyuma ya mlango wa chumba nilichokuwa nikikitumia, pale katika ofisi yetu ya udhamini, Kasese, nimeacha kiti kidogo cha kukunja, cha turubai ya kijani, chenye mguu mmoja uliofungwa waya. Hakimo katika orodha ya mali ya ofisi, kwa hiyo mkaguzi akija hatakiuliza. Msikitupe. Nawaandikia ninyi mnaobaki, hasa ninyi wawili mliokuja juzi na shahada zenu na viatu ambavyo bado havijapanda milima ya Kyondo, ili mjue kiti hicho ni cha kazi gani na ni nani atakayekuja kukihitaji.

Nimeondoka kazini mapema, katika umri ambao wenzangu ndio kwanza wanapewa viti vyenye mito. Madaraka na mishahara nawaachia wanaopenda kuhesabu. Ninachotaka kuwaachia ni namna ya kuwa mdhamini, yaani mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake na kupewa na sheria uwezo wa kuidai, kuishitakia na hata kuisamehe, huku kila asubuhi akijiuliza kama ameutumia uwezo huo kwa haki au kwa urahisi wake mwenyewe. Swali hilo halikuniacha, na sidhani kama litawaacha ninyi.

Nilifika ofisini katika miaka ya sitini, nikitoka kusomea sheria Dar es Salaam. Nilirudi nyumbani na Kiswahili kilichonyooka kiasi cha kuwachekesha watu. Mama mmoja wa sokoni Bwera aliniuliza kama nilikuwa nasoma habari za redio. Mimi ni mtoto wa Kisinga, nimezaliwa umbali mfupi kutoka hospitali ya misheni, lakini kwa siku zile za kwanza nilikuwa mgeni katika wilaya yangu.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Masereka, mwanasheria mwenye pumu na mwavuli mweusi aliokuwa akiutumia zaidi kama fimbo. Siku ya kwanza hakunionyesha meza. Alinipa kile kiti cha turubai, akaniambia nikibebe, tukapanda Kyondo kumdai mkulima wa kahawa aitwaye Baluku, aliyekuwa amechukua malipo ya mavuno kabla ya kuvuna na hakuleta kahawa. Mnunuzi aliyempa fedha alikuwa amekwisha kufa, na deni lilikuwa la mjane wake, chini ya udhamini wetu.

Tulipofika, mke wa Baluku alileta benchi, akalifuta kwa kanga. Bwana Masereka alishukuru, akasimama, akaningoja nikunjue kile kiti, kisha akakaa juu yake akihema. Mimi nilikwisha kukaa kwenye benchi.

"Simama, Biira," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ukikalia kiti cha mdaiwa umekuwa mgeni wake. Mgeni hadai."

Nilisimama. Nilisimama muda wote wa shauri lile, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja tu, na huo ndio ulikuwa mhadhara wangu wa kwanza kazini.

Jambo la pili alilonifundisha siku ile ni kwamba barua ya madai haitumwi mlimani kama barua ya salamu. Inapelekwa kwa mkono na kusomwa kwa sauti, na mdaiwa mwenyewe anachagua mtu mmoja wa kuisikiliza pamoja naye. Tulikuwa tukimwambia tu, "Chagua msikilizaji wako." Baluku alimchagua kaka wa mkewe. Barua iliposomwa, yule shemeji alimtazama Baluku kwa jicho ambalo hakimu yeyote angelitamani kuwa nalo. Baluku alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na kuku.

"Pokeeni huyu," alisema. "Kahawa itafuata."

Bwana Masereka aliandika stakabadhi ya kuku mmoja, jike, mwekundu, kama sehemu ya malipo. Njiani alinieleza kwamba deni lililolala miaka mingi bila kuguswa hufa mbele ya sheria, lakini mdaiwa akilipa hata kidogo, deni huamka na kuanza kuhesabiwa upya. Nikamuuliza kama Baluku alilijua hilo.

"Alipokuwa anatusindikiza aliniambia kuku huyo ana mdomo mrefu kuliko wa wakili," alijibu. "Amelijua. Ndiyo maana amechagua aliyekonda."

Nilimuuliza pia kwa nini mdaiwa aachiwe kuchagua msikilizaji, wakati anaweza kumchagua rafiki wa kumtetea. Alisema watu hudhani wanachagua mtetezi, lakini mguu huwapeleka kwa mtu wanayemwonea haya. Niliona ni imani isiyo na ushahidi. Niliishika tu kwa sababu nilikuwa mgeni.

Hajji Sulemani alikuja kwetu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Alikuwa msafirishaji wa Bwera, mwenye lori moja lililokuwa likipakia kahawa kutoka milimani na samaki kutoka Katunguru, na alikuwa akiumwa kifua. Alitaka kuandika wasia. Mali yake yote, yaani lori, nyumba na madeni aliyowadai watu, iwe amana ya mkewe Hajjati Zaina na watoto wao wawili, Aisha na Ramadhani, chini ya wadhamini wawili: mdogo wake Abdala, mwenye duka la vitambaa karibu na mpaka, na ofisi yetu. Bwana Masereka alimuuliza kwa nini hakumwachia ndugu yake peke yake.

"Abdala anawapenda watoto wangu," alisema Hajji. "Ninyi hamwapendi. Nataka wote wawili. Mtu mwenye mapenzi anasamehe ovyo."

Alipofariki, Bwana Masereka alikwenda makaburini na wanaume, mimi nikabaki nyumbani pamoja na Hajjati na wanawake wengine. Mnajua desturi. Kabla maiti hajashushwa, ndugu wa marehemu husimama akawaomba waliohudhuria wamsamehe, na akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu aje kwa jamaa zake. Abdala alisimama akayasema hayo yote sawasawa. Kisha machozi yakamshika, naye akaongeza sentensi ambayo hakuna aliyeitarajia: "Na ninyi aliokuwa akiwadai, sisi tumewasamehe wote." Watu wakaitikia amina.

Bwana Masereka aliporudi hakukunja mwavuli. Aliingia nao ndani ya gari ukiwa wazi, kwa kusahau.

"Abdala ametoa msamaha wa madeni yote," aliniambia. "Mbele ya umati. Na Luteni alikuwa safu ya mbele."

Huyo Luteni, ambaye jina lake silitaji, alikuwa ofisa katika kambi ya jeshi isiyo mbali na mji. Alikuwa amekubaliana na Hajji kulinunua lile lori kwa awamu, akalipa ya kwanza, akalichukua. Hajji alikufa akizisubiri awamu zilizobaki. Lori lilikuwa ndiyo mali yenyewe; kilichosalia kilikuwa nyumba ya kulala na majina ya wakulima maskini.

Kwa wakulima hao hatukupata taabu. Sheria inawaruhusu wadhamini kumpa mdaiwa muda, kupokea pungufu, kusuluhisha, hata kuliacha deni lisiloweza kulipika, na hawatalipishwa hasara ikiwa wametenda kwa nia njema. Lakini inawataka watende pamoja. Msamaha wa mdhamini mmoja, hata ukitolewa mbele ya kaburi, haumfungi mwenzake, wala hauwaondolei yatima kilicho chao. Tulikaa na Abdala, tukapitia jina moja moja, tukawasamehe wasio na kitu kwa saini mbili. Tulipofika kwa Luteni, Abdala aliweka kalamu chini.

Awamu ya kwanza ilikuwa imekwisha kuliwa. Hajjati Zaina alianza kukaanga mandazi sokoni siku za soko, na Aisha aliacha kwenda shule. Kwa kuwa hakuna aliyetaka kwenda kambini, nilimwandikia Luteni, dereva wake akairudisha barua bila kufunguliwa, na ujumbe wa mdomo: "Afande anasema deni ilizikwa. Anauliza kama ninyi ni fisi."

Ilibaki mahakama. Na kwa mahakama ilibidi wadhamini wote wawili wadai pamoja. Nilimfuata Abdala dukani kwake na hati ya madai ndani ya mkoba.

"Dada Biira," aliniambia, akiendelea kupima kitambaa ambacho hakuna mteja aliyekuwa amekiomba, "mimi nikisign hii, niko muongo mbele ya kaburi ya kaka yangu."

"Usipotia saini, sheria inaniruhusu nikuunganishe kama mshitakiwa."

Alicheka, na mimi nilitamani asingecheka. "Basi niweke huko. Nitakaa upande moja na mwanajeshi. Kule angalau bunduki iko yetu."

Kisha akaacha kucheka. "Wewe unajua mutu ya ile duka ya mafuta alienda wapi? Alidai tu wanajeshi bei ya mapipa mbili. Bibi yake anauliza mpaka leo."

Nilijua. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema kwa sauti. Katika miaka ile ya utawala wa jeshi nilikuwa nimejifunza ujuzi ambao chuo hakinifundisha: kutambua magari kwa mlio. Gari likipita mbele ya ofisi, kalamu iliendelea. Gari likipunguza mwendo, kalamu ilisimama. Likisimama, sote tulitazama mezani kama wanafunzi wasiotaka kuulizwa, hata ikiwa ni gari la mkate. Tarishi wa mahakama alikuwa amekwisha kunieleza, kwa adabu kubwa, kwamba hati za wito atazipeleka popote isipokuwa kambini, kwa kuwa mkewe ni mjamzito. Mkewe alibaki mjamzito muda mrefu kuliko kawaida.

Nilitoka dukani bila saini. Sikumlaumu Abdala. Nilipitia sokoni kwa Hajjati Zaina. Nilimwambia ukweli: kwamba shauri lake lilikuwa zuri na kwamba mdhamini mmoja alikuwa anaogopa. Sikusema kwamba wa pili naye alikuwa anaogopa. Alinisikiliza, akafuta mikono yenye unga, akaniuliza swali moja.

"Kumbe Abdala ndiye amesamehe chakula ya watoto?"

"Ndivyo alivyosema makaburini."

"Haya," alisema.

Kesho yake aliifunga nyumba, akapanga magodoro yake juu ya baiskeli ya jirani, akahamia na watoto wote wawili dukani kwa Abdala. Hakugombana. Alisema tu kwamba aliyesamehe chakula ndiye anayejua kilipo. Alikaangia mandazi mlangoni, moshi ukaingia katika vitambaa. Ramadhani, aliyekuwa mdogo hata hajui kufunga vifungo, kila lilipopita lori alikimbia nje akiuliza kama ni la baba. Wateja wakajua habari yote bila kuelezwa.

Hazikupita wiki nyingi. Abdala alipanda basi akaja Kasese akinuka mafuta ya kukaangia.

"Leta karatasi yako," aliniambia. "Yule mtoto anauliza mimi kila saa. Heri wale wa kambi waniulize."

Alitia saini kwa kukandamiza kalamu hata karatasi ikatoboka. Lakini Bwana Masereka hakuipeleka hati mahakamani siku hiyo. Alisema tuisome kwanza barua ya madai mbele ya msikilizaji, kama tulivyokuwa tukifanya mlimani. Nilimwambia kambi si Kyondo. Alisema hilo alikuwa amelitambua.

Tulikwenda asubuhi, kweupe, sote watatu, nikiwa nimebeba kiti cha turubai. Langoni walitusimamisha juani. Nakumbuka nilikuwa nikiukariri moyoni mstari wa sheria usemao mdhamini hawajibiki binafsi, nikitambua kuwa mstari ule uliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kusimama pale. Luteni alipotoka alikuwa akitabasamu. Akaamuru tuletewe viti. Bwana Masereka alishukuru, akanitazama mimi. Nilikikunjua kiti chetu nikakaa, kwa kuwa safari hii barua ilikuwa ya kusomwa na mimi. Yeye alisimama akiegemea mwavuli, na Abdala alisimama nyuma yake.

"Nyabo, mama yangu, unakataa kiti yangu?" Luteni aliniuliza.

"Ni desturi ya ofisi, afande. Na desturi nyingine ni wewe kuchagua mtu wa kusikiliza pamoja nawe."

Aliona ni mchezo mzuri. Aligeuka akawatazama askari waliokuwa kivulini. Wangalikuwa wengi wa kucheka pamoja naye. Lakini akaita, "Sajenti Yusufu! Kuja hapa."

Sajenti alikuwa mtu mzima, mwembamba, ndiye aliyemfundisha Luteni kwata alipokuwa kuruti, na ndiye aliyesalisha pale kambini. Alikuja akasimama mkakamavu. Nilisoma. Sauti yangu ilitoka ile ya redio, na kwa mara ya kwanza niliishukuru, maana ndani yake hofu haikusikika sana.

Nilipomaliza Luteni alisema, "Sajenti, huyu mutu alisamehe. Mbele ya kaburi. Mimi nilisikia na masikio yangu, watu wote wakasema amina. Sasa anafufua deni. Mwambie Uislamu inasema nini."

Sajenti alimgeukia Abdala. "Ulisamehe?"

Abdala alipiga hatua moja mbele. Ulikuwa ndio wakati ambao angeweza kukana, au kukubali na kwenda zake.

"Nilisamehe, afande," alisema. "Sikatai. Hata leo nimesamehe. Fungu yangu yote katika ile kamyo, ile lori, nimemwachia Luteni." Akaendelea polepole, "Lakini katika ile kamyo mimi sina hata nati moja. Iko ya watoto ya kaka yangu. Nilitoa kitu haiko yangu."

Sajenti hakumtazama tena. Alimtazama Luteni. "Yatima iko ngapi?"

"Sajenti, mimi nimekuuliza..."

"Afande, yatima iko ngapi?"

"Wawili," nilijibu mimi.

Sajenti alipiga saluti, akageuka, akaondoka bila kuruhusiwa. Tabasamu la Luteni lilibaki usoni kwa muda kama kitu kilichosahauliwa. "Tokeni," alisema. "Upesi."

Tulitoka. Kiti nilikikunja tulipokuwa tumekwisha kuvuka lango.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko kambi yenyewe. Abdala hakulala nyumbani kwake. Bwana Masereka alikuja kazini kila siku akaacha mlango wazi, akisema mlango uliofungwa huvunjwa na huongeza gharama. Mimi nilisikiliza magari. Kisha, siku ya soko, lori lilionekana Bwera, limeegeshwa mbele ya duka la vitambaa, bila tairi la akiba, bila betri, limekokotwa na lori jingine. Dereva aliwakabidhi waliokuwa dukani funguo na maneno: "Afande anasema, kortini hapana."

Ramadhani alikuwa amekwisha kupanda juu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi. Lori lilirudi limechakaa, na Luteni alikuwa amelitumia miezi mingi kwa faida yake. Tulikuwa na haki ya kudai thamani ya matumizi hayo. Tulikaa wadhamini wote, tukaamua kuacha. Niliandika sababu: gharama ya shauri, mashahidi wasiopatikana, uhakika mdogo wa kukazia hukumu, yaani kuitekeleza hata ikitolewa. Zote zilikuwa kweli. Sheria inaulizia nia njema. Kuhusu hofu haiulizi chochote. Nimeupima uamuzi ule mara nyingi tangu hapo, na kila mara nafika palepale: ningeufanya tena, na bado nisingejua ni kipi kati ya viwili hivyo kilichoshika kalamu.

Bwana Masereka alifariki kwa pumu yake muda si mrefu baadaye. Lori lilitengenezwa, likakodishwa, Aisha akarudi shule. Alipofikia umri uliotajwa katika wasia alikuja ofisini kupokea hesabu ya amana, kama ilivyo haki yake. Mimi na Abdala tulimsomea yote, pamoja na miezi tuliyoiacha. Abdala, aliyekuwa ameota mvi, alimwambia, "Mwanangu, pale tulishindwa. Tusamehe."

Aisha aliinua uso. Alikuwa na macho ya mama yake siku ile ya unga.

"Baba mdogo, fungu langu nimekusameheni," alisema. "La Ramadhani mtamwuliza Ramadhani."

Abdala alicheka hata akafuta machozi. Mimi sikuweza kucheka, kwa kuwa binti alikuwa amesema sheria nzima, na kwa sheria hiyo mimi bado sijaachiliwa.

Ramadhani hajafikia umri. Atafika nikiwa nimekwisha kuondoka, na huenda Abdala naye asiwepo. Atakuja kwenu kuuliza kwa nini wadhamini wake hawakudai yote. Msimfiche kitu, wala msimtetee mtu. Nikihitajika nitaitwa kutoka Kisinga, nitakuja. Ila akiingia, msimpe viti vya ofisi hata vikiwa na mito. Siku hiyo wadaiwa ni sisi. Mkunjulieni kile kiti cha turubai kilicho nyuma ya mlango, akalie hicho, asije akawa mgeni wetu akashindwa kudai.